Mtaro ulioziba ni wa nani? Tuifahamu Manispaa ya Moshi

Masika ikikolea, maji yanayotoka juu mlimani hayana subira. Mji wa Moshi umekaa kwenye mteremko, Mlima Kilimanjaro uko kaskazini na tambarare za Kahe na za mashamba ya miwa ya TPC ziko kusini, kwa hiyo mtaro ukiziba mahali pamoja, wanaoumia ni waliokaa chini yake. Masika moja mtaro wa mtaani kwetu uliziba. Mama mmoja jirani yangu, mwenye genge la nyanya na ndizi pembeni ya barabara, aliokoa matenga yake mara mbili ndani ya wiki moja. Kila aliyepita alimpa pole, kisha akasema neno lile lile: manispaa wamelala. Na mimi nilisema hivyo hivyo.

Nikaamua kufuatilia. Nilianza kwa diwani, diwani akanielekeza kwa mtendaji wa kata, na mtendaji akaniuliza swali ambalo sikuwahi kulifikiria: "Mtaro huo uko pembeni ya barabara, au unapita katikati ya nyumba?"

Nikamjibu uko pembeni ya barabara.

"Basi mtaro wenyewe ni wa TARURA. Taka zilizomo ndani ndizo zetu."

Jibu lile lilinifungua macho kuliko mikutano yote ya kampeni niliyowahi kuhudhuria. Shimo moja lina wenyewe wawili. Anayefukua na kujenga kingo ni TARURA, yaani Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, ulioanza kazi mwaka 2017 na kuzichukua barabara zilizokuwa mikononi mwa halmashauri. Anayetakiwa kuhakikisha mifuko, maganda na chupa havifiki mtaroni ni halmashauri, kupitia idara inayoshughulikia usafi na mazingira. Na tunaotupa taka hizo usiku ni sisi wakazi.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwauliza watu wanaolalamika: unalalamikia kwa nani? Wengi tunaposema "manispaa" tunachanganya milango mitano au sita. Barabara kuu inayotoka Arusha kwenda Himo ni ya TANROADS, wakala wa barabara kuu na za mikoa. Maji ya bomba na mfumo wa majitaka ni kazi ya mamlaka ya maji ya Moshi, yaani MUWSA. Umeme ni wa TANESCO. Hospitali ya Mawenzi ni ya rufaa ya mkoa na iko chini ya Wizara ya Afya, wakati vituo vya afya kama cha Pasua na cha Majengo vinasimamiwa na halmashauri. Mwalimu wa shule ya msingi yuko chini ya mkurugenzi wa manispaa kikazi, lakini mshahara wake unatoka Serikali Kuu. Kodi ya majengo, ambayo zamani halmashauri ilikusanya yenyewe, ilihamishiwa Mamlaka ya Mapato (TRA), na tangu mwaka 2021 inakatwa tunaponunua umeme wa LUKU, ule wa kulipia kabla.

Halmashauri inabaki na nini basi? Inabaki na mambo ambayo mtu hukutana nayo kabla ya saa nne asubuhi. Soko alikonunua mboga, stendi aliyoshukia, machinjio ilikotoka nyama ya supu, zahanati anakopeleka mtoto, darasa analosomea mtoto huyo, leseni ya duka lake, kibali cha kujenga chumba cha uani, gari la taka, makaburi. Moshi imejijengea jina nchi nzima kwa usafi, na jina hilo ni kazi ya halmashauri, ya wafagiaji wanaoamka alfajiri, na ya wakazi walioanza kuona aibu kutupa ganda la muwa barabarani.

Kuna mkanganyiko mwingine ambao ni wa hapa kwetu hasa. Moshi ni mbili. Kuna Halmashauri ya Manispaa ya Moshi, yenye kata 21, kuanzia Longuo na Rau upande wa juu hadi Pasua na Boma Mbuzi upande wa chini. Halafu kuna Halmashauri ya Wilaya ya Moshi, ambayo watu huiita Moshi Vijijini, inayobeba Kibosho, Uru, Old Moshi, Marangu, Kahe na kwingineko. Kila moja ina baraza lake, mkurugenzi wake na bajeti yake. Mkuu wa Wilaya ni mmoja kwa zote mbili, lakini yeye ni mwakilishi wa Rais na siyo bosi wa baraza lolote kati ya hayo. Kwa hiyo mama anayeshusha mikungu ya mshare kutoka Uru hadi soko la Mbuyuni hulipa ushuru kwa halmashauri moja, na barabara ya kijijini kwake ikiharibika anapaswa kulisema hilo kwa diwani wa halmashauri nyingine. Nimemsikia mtu akimfokea diwani wa mjini kwa ajili ya daraja la Kibosho. Diwani alisikiliza kwa heshima, lakini hakuwa na la kufanya.

Inafaa kujua kwamba vyombo hivi viliwahi kufutwa. Mwaka 1972, katika mpango uliojulikana kama Madaraka Mikoani, serikali za mitaa zilivunjwa na kazi zake zikapewa maofisa wa Serikali Kuu mikoani na wilayani. Nia ilikuwa kusogeza utawala karibu na watu, lakini miji ndiyo iliyoonja uchungu wake kwanza. Mitaro iliziba, taka zikarundikana, taa za barabarani zikazimika, na mwishoni mwa miaka hiyo ya 1970 kipindupindu kikaenea nchini. Mwaka 1978 halmashauri za miji zikarudishwa kwa sheria ya muda. Mwaka 1982 zikatungwa sheria zinazotumika hadi leo pamoja na marekebisho yake: Sheria Na. 7 kwa mamlaka za wilaya, Na. 8 kwa mamlaka za miji, na Na. 9 kwa fedha zake. Kisha ibara za 145 na 146 zikaingizwa kwenye Katiba, zikisema kwamba shabaha ya serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Moshi ilipanda kuwa manispaa mwaka 1988. Mimi siwezi kuuona mtaro ulioziba kama jambo dogo baada ya kuijua historia hiyo, kwa sababu mitaro ya namna hiyo ni miongoni mwa mambo yaliyoirudisha halmashauri duniani.

Sasa tuingie ndani ya nyumba. Halmashauri ina pande mbili, na ugomvi mwingi tunaousikia redioni unatokana na pande hizo kutoelewana. Upande wa kwanza ni madiwani. Kila kata huchagua wake kwa miaka mitano, wanaongezwa madiwani wanawake wa viti maalumu, na mbunge wa jimbo naye ni mjumbe. Hao kwa pamoja ndio Baraza la Madiwani, na wao wenyewe humchagua mmoja wao kuwa Meya, Mstahiki Meya kama anavyoitwa, kwa muda wa miaka mitano. Naibu wake huchaguliwa kila mwaka. Upande wa pili ni wataalamu: mkurugenzi, anayeteuliwa na Rais, na chini yake wakuu wa idara na vitengo, wahasibu, wahandisi, maofisa afya, maofisa maendeleo ya jamii, hadi mtendaji wa kata na mtendaji wa mtaa.

Meya anaongoza kikao. Hasaini hundi. Mkurugenzi anasaini, lakini hawezi kuipitisha bajeti bila baraza. Diwani hawezi kumwamuru dereva wa gari la taka aanze na mtaa wake, ingawa wananchi wanamtaka afanye hivyo na wengine humpa kura kwa ahadi ya namna hiyo. Anachoweza ni kuuliza ndani ya kikao kwa nini gari halijafika, na jibu likaandikwa kwenye muhtasari. Mtu asiyejua nguvu ya muhtasari hulidharau jambo hili. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali akija hasomi hotuba za mkutano wa hadhara, anasoma karatasi. Na hoja za ukaguzi zikiwa nzito, mkurugenzi huitwa mbele ya kamati ya Bunge ya hesabu za serikali za mitaa kuzijibu.

Baraza lenyewe hukutana kila baada ya miezi mitatu. Ukipata nafasi nenda, kwani kikao cha baraza kiko wazi kwa wananchi na waandishi wa habari. Utawaona madiwani wamevaa majoho, utasikia dua, kisha taarifa za kata moja baada ya nyingine: darasa fulani limefika kwenye lenta, choo fulani kimekamilika, wagonjwa ni wengi kuliko dawa. Baadaye huja taarifa za kamati. Mgeni akikaa hapo saa mbili anaweza kuona kama mambo yanapita haraka mno. Wajumbe wanageuza kurasa, mtu anatoa hoja, mwingine anaunga mkono, Meya anawahoji, wanaafiki, wanakwenda ukurasa unaofuata. Wengi huondoka wakiamini kwamba madiwani wetu hawajui wanachopitisha.

Ukweli ni kwamba mabishano yameshafanyika mahali pengine. Kazi halisi ya baraza iko kwenye kamati za kudumu. Katika manispaa, kamati kubwa ni tatu: ya Fedha na Uongozi, inayokutana kila mwezi; ya Uchumi, Afya na Elimu; na ya Mipango Miji na Mazingira. Zipo pia ya kudhibiti UKIMWI na ya maadili ya madiwani. Huko ndiko diwani anaposhika kalamu na kumuuliza mhasibu kwa nini makusanyo ya stendi yameshuka, huko ndiko wanapokwenda kukagua mradi na kugusa tofali kwa mkono. Vikao vya kamati kwa kawaida haviko wazi kwa watu wote. Kwa hiyo mwananchi anayesubiri siku ya baraza ili apaze sauti anafika chakula kikiwa kimeshapakuliwa. Kama una jambo la mtaro au kontena la taka, mtafute diwani aliyemo kwenye kamati ya Mipango Miji na Mazingira, hata kama si wa kata yako, na umpate kabla kamati haijakaa.

Hapo ndipo tunafika kwenye kalenda, na hili ndilo jambo ambalo ningependa kila mkazi wa Moshi alijue.

Mwaka wa fedha wa Serikali unaanza tarehe 1 Julai na kumalizika 30 Juni. Lakini bajeti haizaliwi Juni. Mitaa hutakiwa kukaa na kutaja vipaumbele vyake miezi mingi kabla, wakati vuli inakaribia au imeanza. Vipaumbele hivyo hupanda kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani na katibu wake ni mtendaji wa kata. Kutoka kata vinakwenda kwa wataalamu wa halmashauri, ambao huvipima na kuvipunguza kulingana na ukomo wa fedha na mwongozo uliotoka Hazina. Kisha kamati, kisha baraza, ambalo kwa kawaida huipitisha rasimu mwanzoni mwa mwaka. Baada ya hapo makabrasha huenda mkoani, TAMISEMI (ofisi ya Serikali Kuu inayosimamia serikali za mitaa) na Hazina, na kuanzia Aprili Bunge linakaa Dodoma kujadili bajeti ya nchi nzima.

Weka kalenda hiyo pembeni ya kalenda ya mvua. Masika ya Moshi inanyesha kuanzia Machi hadi Mei. Yaani mtaro unafurika Aprili, tunakasirika Aprili, tunampigia diwani simu Aprili, wakati bajeti ya mwaka unaokuja imeshatoka mikononi mwa baraza na ya mwaka huu imebakiza miezi miwili iishe. Diwani anaahidi, na hata akiwa mkweli kabisa, fedha hana. Upo utaratibu wa kuhamisha fedha kutoka fungu moja kwenda lingine, lakini ni mwembamba na una idhini zake. Ikifika Oktoba jua linawaka, vumbi linapepea, mtaro umekauka, na mkutano wa mtaa unapoitishwa hatuendi, kwa kuwa hakuna anayelowa. Mtu anayetaka mtaro wa masika inabidi auseme wakati wa kiangazi.

Mkutano wa mtaa una udhaifu wake, na si haki kuuficha. Kijiji kisheria ni chombo kamili, kina halmashauri ya kijiji na kinaweza kumiliki mali kwa jina lake. Mtaa hauna hadhi hiyo. Una mwenyekiti aliyechaguliwa, wajumbe wa kamati wakiwemo wanawake, na mtendaji aliyeajiriwa, basi. Mwenyekiti wetu anafanya kazi usiku na mchana: barua za utambulisho, ugomvi wa mipaka, misiba, dhamana polisi. Lakini fungu la maendeleo la kwake mwenyewe hana. Kwa mawazo yangu hili ni pengo kubwa katika sheria ya miji, kwa sababu mtu wa mjini ana mlango wa kwanza usio na kabati la fedha nyuma yake. Nguvu pekee ya mtaa ni idadi ya watu waliokuja na maneno yaliyoandikwa. Vipaumbele vya mkutano wa watu wanane hufutwa kirahisi kule juu. Vya watu mia na hamsini, wenye majina na saini, huhitaji maelezo kabla ya kufutwa.

Fedha zenyewe zinatoka wapi? Sehemu kubwa ya matumizi ya halmashauri, hasa mishahara, inatoka Serikali Kuu ikiwa imeshapangiwa kazi yake. Uhuru wa kuamua uko kwenye mapato ya ndani. Hayo ni ushuru wa masoko, ada za stendi, vibanda vya kupangisha, machinjio, leseni za biashara na za vileo, ushuru wa nyumba za kulala wageni, na ushuru wa huduma ambao kampuni na biashara hulipa kutokana na mauzo yao, wala si kutokana na faida. Malipo mengi sasa yana namba ya kumbukumbu au risiti ya kimashine. Risiti hiyo ya mia chache tunayoikunja na kuitupa pale Mbuyuni au Kiboriloni ndiyo inayolipia dizeli ya gari la taka. Ukitoa fedha bila risiti, umemlipa mtu, hujailipa halmashauri, na mwisho wa robo mwaka makusanyo yatasomwa pungufu na gari litapaki.

Katika mapato hayo ya ndani, sheria ya fedha za serikali za mitaa inaagiza asilimia 10 zitengwe kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu wake urekebishwe, kisha ikarejeshwa mwaka uliofuata. Anayeitaka aanze kwa ofisa maendeleo ya jamii wa kata, na kikundi kiwe kimesajiliwa. Wanaomwendea mbunge au Meya moja kwa moja hupoteza nauli, maana watarudishwa kata.

Halmashauri ina nguvu nyingine ambayo watu huisahau, nayo ni kutunga sheria ndogo. Faini ya kutupa taka, saa za kufungua baa, mahali pa kupaki bodaboda, vyote vinaweza kuwekwa humo. Kabla haijapita, wananchi wanapaswa kutangaziwa na kutoa maoni. Baada ya baraza, Waziri anaidhinisha na inachapishwa kwenye Gazeti la Serikali. Tangazo la kuomba maoni hubandikwa kwenye mbao za ofisi za kata. Siku nyingine ukipita kugonga muhuri wa barua yako, simama dakika mbili usome ubao ule.

Turudi kwenye mtaro. Mwezi Oktoba wa mwaka ule ule mwenyekiti aliitisha mkutano, na safari hii tulipita nyumba kwa nyumba kuwaambia watu. Yule mama wa genge alisimama. Hakutukana mtu. Alisema, "Shikamooni wazee wangu. Mimi naomba iandikwe kwamba maji yaliingia dukani kwangu mara mbili, na kwamba kontena la taka liko mbali mno na sisi, ndiyo maana watoto wanamwaga mtaroni." Mtendaji wa mtaa akaandika maombi mawili tofauti: moja la kwenda TARURA kuhusu kingo za mtaro, lingine la kwenda idara ya usafi kuhusu kontena. Wajumbe wa kata wakayabeba yote mawili.

Kontena lilisogezwa kwanza, kwa sababu halikuhitaji fedha nyingi. Mtaro ulichukua muda mrefu zaidi, lakini upande wa genge ulizibuliwa na kuwekewa mawe kabla ya masika nyingine. Upande wa pili wa barabara bado ni udongo mtupu. Uko kwenye orodha ya vipaumbele vya kata, nafasi ya tatu, na mkutano wa mtaa ujao ni Jumamosi saa tisa alasiri.